Papa Iliasi, Aliyekuwa Akisalimia Chungu

Sasa hivi mtoto wangu Feza amechovya kidole ndani ya kikombe cha uji wake, akasema, "Jambo mama, habari ya," akakitoa mbio na kukitia mdomoni. Hakulia. Aliniangalia tu kama mtu mwenye kazi yake, kisha akaketi kungoja uji upoe. Ana miaka mitatu. Hakuna aliyemfundisha. Amemwona Papa Iliasi akifanya vile tangu mimi nilipokuwa ninambeba mgongoni hapa kazini, naye anaamini kwamba kila kitu cha moto lazima kisalimiwe kwanza.

Nilikuwa natafuta pa kuanzia, basi mtoto amenipatia. Fidèle, enjenia wetu, ndiye aliyenipa kazi hii ya kuandika karatasi ya kumuaga Papa Iliasi. Nilimwambia mimi shule niliishia darasa la sita, aandike yeye. Akasema, "Mama Feza, mimi nitaandika kama ripoti. Weye andika kama mutu." Basi naandika. Atapita mchana kuchukua karatasi, aipeleke kwenye duka la kupiga chapa karibu na soko, na ameapa kwamba vile ataikuta ndivyo ataipiga, kwa sababu akisubiri nimalize vizuri, sherehe itapita.

Papa Iliasi Ramazani amefanya kazi katika Ushirika wetu wa Kimea hapa Kasongo kwa miaka ishirini na moja, tangu mwaka 2004. Anastaafu keshokutwa, Jumamosi, tarehe 28 mwezi wa sita 2025. Baada ya sherehe atapanda pikipiki kwenda Wamaza, kukaa kwa binti yake Rehema, mwenye shamba la mahindi na karanga. Tunafurahi kwa ajili ya Rehema. Kwa ajili yetu wenyewe, sitadanganya, hatufurahi.

Kwa mgeni ambaye ataisoma karatasi hii bila kutujua, nieleze kidogo kazi yetu. Tunatengeneza alkoli ya kusafisha vidonda. Tunatumia muhogo, maji, na mahindi yaliyooteshwa. Alkoli hiyo inakwenda hospitali hapa mjini, na kwenye vituo vya afya mpaka Kabambare, Wamaza na Salamabila. Zamani alkoli ilitoka mbali, kwa lori, na mvua ikinyesha lori linalala njiani wiki nyingi. Manesi walikuwa wanaosha vidonda kwa maji ya chumvi na maombi. Sasa bidoni, yaani madumu ya alkoli, zinatoka hapa hapa, nyuma ya ukuta huu ambao Feza anauchora kwa mkaa.

Papa Iliasi hakuingia hapa kama fundi. Aliajiriwa kupasua kuni. Miaka ile ya mwanzo muhogo ulikuwa unapikwa na asidi, asidi kali, ili wanga wa ndani ya muhogo ugeuke sukari, maana bila sukari hakuna alkoli. Wazee wa ushirika wanakumbuka. Moshi ulikuwa unakata kifua. Mapipa yalitoboka kama yameliwa na panya. Maji machafu yaliteremka kwenye kijito, na akina mama waliokuwa wanaloweka mihogo yao kule chini walikuja hapa mlangoni na mihogo mikononi, wakaitupa mbele ya komite, wakasema, "Muikule nyinyi." Fidèle, ambaye siku zile alikuwa kijana aliyetoka shuleni Bukavu, alijua kuna njia nyingine. Kuna kitu kinaitwa anzimu. Wasomi wa Kiswahili wanasema kimeng'enya. Ni kitu kidogo sana, jicho halikioni, kinakaa ndani ya mbegu inayoota na kinakata wanga polepole kuwa sukari, bila moshi, bila sumu, bila kutoboa pipa. Fidèle aliagiza unga wa anzimu kutoka Kinshasa. Ulifanya kazi vizuri sana. Kisha uliisha, na njia ikafungwa.

Hapo ndipo mke wa Papa Iliasi, Mama Mwamvita, Mungu amrehemu, alipoingia katika habari hii na sufuria kichwani. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Alimletea mume wake futari, na ndani ya sufuria mlikuwa na uji wa muhogo mtamu, mwepesi kama maji, ambao haukutiwa hata punje ya sukari. Fidèle alionjeshwa. Aliuliza sukari imetoka wapi. Mama Mwamvita akacheka, akamwambia hakuna sukari, ni kimea tu, mahindi yaliyooteshwa kwenye majani ya mgomba, yakakaushwa na kutwangwa, kama bibi zake walivyofanya kila Ramadhani tangu hapo kale. Wanaokumbuka wanasema Fidèle aliruka, akapiga makofi, akasema, "Ile ile! Ni anzimu ile ile!" Mama Mwamvita alirudi nyumbani akawaambia majirani kwamba kijana wa ushirika amepatwa na jua.

Tangu siku ile Papa Iliasi aliacha shoka. Nyumba yake ilijua kimea, basi akafanywa mwenye kimea.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unapika uji wa muhogo ndani ya chungu. Tunakiita chungu, lakini ni pipa la chuma lililokatwa, watoto wanne wanaweza kujificha ndani. Uji ukiiva unauacha upoe. Unatia kimea, unakoroga, unafunika. Mbele ya macho yako ule uji mzito unalegea, unakuwa maji, na ukionja ni mtamu. Kinachofuata ni kuuchachusha na kuukeneka, yaani kuuchemsha na kukinga mvuke wake uwe alkoli, na hiyo ni kazi ya mwenzetu Yvette.

Ugumu uko mahali pamoja tu. Ukitia kimea wakati uji ungali moto sana, kimea kinaungua na kufa, na uji unabaki uji. Ukingoja upoe mno, kimea kinalala, na uji unachacha kabla ya kuwa mtamu. Katikati kuna joto moja linalofaa. Tulikuwa na kipima-joto cha kioo. Kilipasukia ndani ya chungu, na kile kitu cheupe cha ndani, chenye sumu, kikamwagika kwenye uji. Tulimwaga chungu kizima mbali na kijito, tukakitupa chenyewe pia, na komite ikaamua kwamba kioo hakitaingia tena ndani ya chungu cha dawa. Kile cha chuma tulichoagiza mpaka leo tunaambiwa kiko njiani. Njia ya kwetu mnaijua.

Basi tulikuwa na kidole cha Papa Iliasi.

Katika nyumba ya Mama Mwamvita hakuna mtu aliyegusa chungu cha futari bila kukisalimia. Ilikuwa heshima, na kumbe ilikuwa pia kipimo. Unachovya kidole cha shahada, unasema, "Jambo mama, habari ya nyumbani." Kama hukumaliza hata neno "jambo", chungu kingali moto, ngoja. Kama umefika "nyumbani" umetulia, na unaweza kuulizia hata watoto na mbuzi, basi umechelewa, chungu kimepoa. Joto zuri linakukata katikati. Unasema, "Jambo mama, habari ya," na hapo kidole chenyewe kinatoka bila kukuomba ruhusa. Papa Iliasi alikuwa anatuambia kwamba hapa kwetu salamu isiyomalizika ndiyo salamu njema. Akikatwa hapo kwenye "habari ya", anageuka, anaita, "Kimea!" na sisi tunakimbia na vikapu.

Mama Mwamvita alifariki mwaka 2016. Tangu hapo "mama" wa ile salamu alikuwa yeye, na Papa Iliasi aliendelea kumsalimia kila siku ya kazi, ndani ya mvuke, mbele yetu sote, na hakuona haya.

Watu walimsema sana, hasa mwanzoni. Mwislamu, mtoto wa familia ya zamani ya mjini, anapika kitu kinachoitwa alkoli! Kule sokoni walimwita Hajji wa Lutuku, na lutuku, kwa asiyejua, ni pombe kali ya vichakani. Hata Yvette, ambaye ni Mkatoliki na hana kazi na mambo hayo, alikuwa akimchokoza kila asubuhi.

"Papa Iliasi, leo tunapika haramu mupaka saa ngapi?"

"Mama Yvette, kidonda haina dini. Haijamuuliza bado mutu, dawa hii imepikwa na nani."

"Na kama mimi nikionja kidogo?"

"Onja. Mimi nitasoma dua, Padri atasoma misa, na Fidèle atatafuta mwenye kukeneka mwingine."

Yvette hakuonja. Hakuna anayeweza kuonja, kwa sababu ndani ya kila bidoni tunatia dawa chungu ya kufukuza midomo, na aliyesisitiza jambo hilo kwenye komite alikuwa Papa Iliasi mwenyewe. Safari moja alisindikiza mzigo Salamabila. Kule machimboni mchimbaji mmoja alitaka bidoni moja, akamwonyesha dhahabu kidogo kwenye kiganja. Papa Iliasi akamwambia, "Mwanangu, dhahabu yako haioshi kidonda." Mchimbaji akachukua kwa nguvu, akafungua, akanywa funda moja. Wanasema alikaa siku nzima anatema mate kama mbuzi aliyekula sabuni. Baadaye jiwe lilimwangukia mguuni, akaoshwa kwa alkoli hiyo hiyo pale kituoni, na akatuma salamu Kasongo kwa "yule mzee wa dawa chungu". Papa Iliasi alipenda kutusimulia habari hiyo, na kila mara jiwe lilikuwa limeongezeka uzito kidogo.

Katika miaka yake mapipa hayakutoboka tena. Kuni tunazotumia zimepungua sana, kwa sababu hatuchemshi mchana kutwa kama wakati wa asidi. Makapi yanakwenda kwa wenye bata na nguruwe. Wale akina mama wa kijitoni waliacha kututupia mihogo, na sasa wanatuuzia. Fidèle anasema haya ndiyo yaandikwe kama mafanikio, basi nimeandika. Mimi nitaongeza moja. Nilipojifungua Feza, kitovu chake kilisafishwa na alkoli ya hapa. Nilipokuja kuomba kazi nikiwa na mtoto mgongoni, komite ilisita. Papa Iliasi akasema, "Mutoto huyu ni mteja wetu tayari. Mutamukatalia aje?" Nikaanza kesho yake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ningependa kuliruka.

Mwaka jana Papa Iliasi alianza kusalimia kwa urefu. Alichovya kidole na kusema, "Jambo mama, habari ya nyumbani, habari ya Rehema, habari ya shamba." Tulicheka. Yvette alisema uzee umemfungua mdomo, kwamba sasa chungu kinapewa hata habari za ukoo. Papa Iliasi naye alicheka pamoja na sisi. Vyungu vilitoka vizuri, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kitu. Leo tunajua kwamba kidole chake kilikuwa kimeacha kusikia moto, na alikuwa anakadiria kwa macho, kwa namna mvuke unavyonyanyuka na kulala. Kwa salamu ile ndefu alikuwa anatafuta. Alikuwa anaongeza maneno, anangoja lile litakalouma, na halikuja. Naye hakusema. Na sisi, watu wote hawa wenye masikio, tulisikia utani tu.

Mwezi wa nne mwaka huu hospitali ilituma watu wawili kwa siku moja. Alkoli yao ilikuwa inakwisha, kulikuwa na akina mama wengi waliojifungua kwa kupasuliwa. Tuliharakisha. Kwa ajili ya mvua tulikiacha chungu kimefunikwa, mvuke haukuonekana. Papa Iliasi alisogeza kifuniko kidogo, akapitisha mkono, akachovya. "Jambo mama, habari ya nyumbani, habari ya watoto." Akaendelea. Alimuulizia mama yake mzazi. Alimuuliza Mama Mwamvita mwenyewe kama amelala vizuri. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu cha kimea, na nilikuwa natabasamu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kimea," tukamimina.

Kimea kiliungua chote. Uji ulibaki uji mpaka jioni.

Alipotoa mkono, ngozi ya kidole ilikuwa nyeupe, inachubuka. Yvette ndiye aliyepiga kelele. Papa Iliasi alikitazama kidole chake kama anatazama kitu cha jirani. Nilimwosha kwa alkoli yetu, ile inayowafanya wachimbaji wa Salamabila walie, na hakukunja uso. Akaniuliza, "Umeshatia, Mama Feza?" Nilikuwa nimeshatia.

Nesi alisema fahamu za vidole vyake zimelala, na hazitaamka. Siku ya pili alikuja kama kawaida, akaketi nje kwenye kigogo chake cha kupasulia kuni cha zamani, akaomba komite imruhusu kustaafu. Hakuna aliyemlaumu. Hospitali ilipata alkoli kidogo ya kukopa kwa masista, ikapita ile wiki. Lakini yeye tangu siku hiyo akiingia hapa anafunga mikono nyuma, hakigusi chungu wala kifuniko chake. Ukimpa kikombe cha chai anakuomba kwanza umwambie kama ni moto.

Komite ikakaa. Walisema wazi: bila kidole, hakuna kimea, na bila kimea, tutafunga chungu tuuze mihogo mikavu kama kila mtu, mpaka kipima-joto kifike, kama kitafika. Kurudi kwenye asidi hakuna anayetaka hata kukutaja. Fidèle alijaribu kidole chake, lakini anavuta mkono kabla haujafika kwenye uji. Yvette vidole vyake vinapindua muhogo ndani ya makaa, haviumwi na kitu. Papa Iliasi akasema, "Mupeni Mama Feza. Anaogesha mutoto kila siku. Mukono wake ungali unauliza."

Kwa hiyo amenifundisha. Na mtu ataniuliza, atafundishaje moto yeye asiyeusikia? Alikuwa anatazama uso wangu. Anasimama upande wa pili wa chungu, mikono nyuma, haangalii kidole wala uji, ananitazama mimi machoni kama mtu anayesoma.

Chungu cha kwanza nilikiogopa. Nilikatwa kwenye "ja", nikangoja mno, kikapoa, kikachacha. Cha pili nilijikaza. Nilisema moyoni, nimezaa, nimelima, nitashindwa na uji? Nikauma mdomo, nikafika mpaka "nyumbani" na machozi yananitoka, nikaita kimea kwa sauti kubwa. Papa Iliasi alikuwa ameshainua mkono kunizuia, nami sikumwona kwa ajili ya machozi. Kimea kiliungua.

Hakunikasirikia. Aliniambia neno ambalo naomba liandikwe hapa hata kama mengine yatafutwa. Alisema, "Mama Feza, usijikaze. Chungu haitaki shujaa. Inataka mutu anayesikia. Mimi nilijikaza mwaka muzima, si umeona?"

Wiki iliyopita tulijaribu sufuria ndogo, ya nyumbani. Nilisalimia bila kujikaza. Nilikatwa palepale. Uji ukalegea, ukawa maji, Feza akalamba mwiko mpaka mkononi, na Papa Iliasi akatoka nje akakaa kwenye kigogo chake muda mrefu, amegeuza mgongo. Lakini sufuria ni sufuria. Chungu hatujajua.

Leo ndiyo chungu. Hospitali inangoja, na komite inangoja, na Papa Iliasi mwenyewe amesema hatapanda pikipiki ya Wamaza kama ataacha nyuma chungu kilichokufa, afadhali abaki apasue kuni na vidole vyake hivyo. Uji ulishushwa motoni asubuhi. Kifuniko kiko wazi, mvuke unanyanyuka mpaka kwenye mabati. Ninaandika hapa kwenye benchi nikiungoja upungue. Feza amemaliza uji wake. Papa Iliasi amesimama mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa, ingawa leo ni Alhamisi, mikono nyuma.

Tunasikitika, Papa. Tunasikitika kwamba ulitafuta moto peke yako na sisi tukacheka. Tungekuuliza mapema, ungekaa nasi kama mwalimu miaka mingine, hukutakiwa kuondoka na kidole kilichofungwa kitambaa. Tunasikitika kwamba Mama Mwamvita hatasalimiwa tena na sauti yako. Lakini atasalimiwa. Hilo nakuahidi mbele ya ushirika wote, na mtoto wangu amekwisha kuanza.

Komite inakushukuru. Manesi wa hospitali wanakushukuru, na akina mama wote waliofungwa vidonda vikapona bila usaha, ambao hawajui jina lako. Yvette anakushukuru, ila amekataa kusema kwa mdomo wake, anasema atalia na ataharibu moto. Fidèle anakuletea viatu vya mvua kwa njia ya Wamaza. Kaa vizuri kwa Rehema. Otesha mahindi. Ramadhani ikifika upikiwe uji mtamu, na wajukuu wakuambie wao kama umepoa. Tunakutakia maisha mema, maisha marefu, yenye

Yvette anaita. "Mama Feza! Acha kalamu! Mvuke imelala, chungu iko inakuita!" Naenda. Papa Iliasi amekwisha kusogea upande wake wa chungu, ananitazama uso. Nilitaka kumaliza karatasi hii kwa kukuaga vizuri, Papa, lakini kwa kuwa weye ndiye uliyetufundisha, acha nikusalimie tu kama kwenu: jambo Papa, habari ya